Betri ya Alfonce

Tulipoachana, Baltazari alikuwa ameshika usukani wa boti isiyokuwa yake, akipiga mluzi. Tangu hadithi hii ianze hatujamsikia akipiga mluzi hata mara moja. Ungeingiwa na wasiwasi hapo hapo, msomaji. Mimi niliingiwa.

Kwa aliyepitwa: huyu ni mvuvi wa Murangi aliyefukuzwa mwaloni kwao, ufukweni mitumbwi inapofikia, baada ya kokoro, wavu uliopigwa marufuku, kukutwa limekunjwa chini ya mbao za mtumbwi wake. Mpaka leo anaapa halikuwa lake. Aliyekwenda kuripoti ni Alfonce, jirani yake, aliyebatizwa naye siku moja katika kanisa moja.

Akakimbilia Buhemba kwenye dhahabu, shimo likajaa maji. Akahamia Nyamuswa kwenye biashara ya ng'ombe, ng'ombe wake wa kwanza akaanguka mnadani na kufa mbele ya wanunuzi. Wapo wanaosema alirogwa. Mimi nasema alikuwa na papara, lakini hayo tumekwisha kuyabishania.

Ndipo Mzee Hashimu, muuza vipuri na betri wa Musoma mjini, akamchukua awe nahodha wa boti yake ya starehe. Kazi yenyewe ilimchekesha. Unampeleka mtu ziwani, anavua samaki kwa fimbo, anapiga naye picha, kisha anamrudisha majini. Kwao Murangi samaki akirudi majini maana yake amekuponyoka, na jioni yake hupendi mtu akuulize habari.

Alivumilia kwa sababu ya neno moja la Mama Adventina.

Huyu ndiye mwenyekiti wa wavuvi wa Murangi, mama mnene mwenye sauti ndogo ambaye wanaume wenye mitumbwi mitano humsalimia wakiwa wamevua kofia. Alimwambia Baltazari akae mwaka mzima bila doa, popote atakapokuwa, naye mwenyewe atasimama kwenye mkutano wa mwalo kumwombea arudi. Arudi kwenye nyumba yake, kwenye maji yake, kwa mama yake ambaye siku hizi anakwenda kisimani mchana wa jua kali ili asikutane na watu.

Mkutano ulikuwa Jumatatu. Jumamosi yakawa mashindano ya kuvua sangara kwa ndoano. Na kati ya waamuzi watatu walioitwa, mmoja alikuwa Mama Adventina.

Kwa hiyo mnaona alivyokuwa amekalia kuti kavu. Siku moja tu ya kutokufanya kosa.

Shida ilianzia kwenye betri.

Kanuni ya mashindano ni kwamba samaki anapimwa akiwa hai, kisha anaachiwa. Akifa, hahesabiwi. Ndiyo maana boti hizi zina tangi la maji, na tangi lina pampu ya kuingiza maji mapya, na pampu inataka betri. Ya boti ya Hashimu ilikuwa imechoka tangu Pasaka.

Sasa mtu mwenye duka la betri Musoma na jingine Bunda, utadhani angenyoosha mkono rafuni. Hashimu alimjibu Baltazari kwamba betri ikishatumika siku moja hakuna mteja atakayeinunua kama mpya, kisha akamwambia ajiongeze.

Baltazari akajiongeza kama ambavyo mtu yeyote wa huku angefanya. Alitazama juu, akaona mwezi unakaribia kujaa.

Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na betri zao zinalala kwa fundi Rashidi, kwenye kibanda chake cha kuchajia pale Mwigobero. Kila mwenye mitumbwi amepaka betri zake rangi yake ili zisichanganywe. Za Shija ni za bluu. Za Alfonce ni nyekundu. Baltazari alimwomba Shija betri mbili, Shija akasema chukua, mimi nazo nafanya nini na mwezi huu.

Lakini betri iliyolala siku zote hizo bila kuchajiwa ina unafiki. Ukiipima baada ya kuichaji inakuonyesha imejaa. Ukiipa kazi, inazimia. Baltazari alilijua hilo tangu utoto wake. Ila kipimo cha Rashidi kilisoma vizuri Ijumaa ile alasiri, naye alitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini humwambii kitu. Rashidi alikuwa anakwenda kuswali, akamwambia aingie ajichukulie mwenyewe. Akaingia, akabeba mbili za bluu, akaondoka.

Asubuhi ya mashindano, Mama Adventina aliposimama kusoma sheria, nahodha wetu alikuwa ameinama nyuma ya boti akikaza waya. Alisikia sheria kwa sikio moja.

Aliyeshika fimbo kwenye boti yao ni Yasmin, binti wa Hashimu, msichana aliyemaliza chuo Mwanza na ambaye nyumbani kwao kila mtu alikuwa akimuuliza ataolewa lini. Hakuwa mpole, na hakuwa mvivu. Walikwenda mpaka karibu na kisiwa cha Lukuba, wakawa wanakokota chambo taratibu. Jua likapanda, hawakupata kitu. Baltazari akaanza kusali kimoyomoyo.

Halafu fimbo ikapinda.

Sitawachosha na vita ile. Yasmin alipigana mpaka viganja vikachubuka, akakataa kupokewa, akamkaripia Baltazari alipotaka kumsaidia. Sangara alipofika kando ya boti ndipo walipoona kwamba hawakuwa wamemdhania mkubwa kiasi kile. Walimwingiza tangini akakaa amejikunja.

"Huyu ndiye," alisema Yasmin. "Kaka Balta, huyu ndiye." Alikuwa analia na kucheka.

Wakageuza kurudi Musoma. Hawakufika mbali kabla Yasmin hajainua kichwa.

"Mbona pampu imenyamaza?"

Baltazari aligusa waya. Zilikuwa sawa. Akaunga betri ya pili, pampu ikakohoa, ikazunguka kidogo, ikanyamaza nayo. Injini yao ilikuwa ya kuvuta kamba, haina habari na betri wala haiwezi kuichaji. Walianza kuchota maji kwa ndoo na kumwaga tangini, ndoo baada ya ndoo, lakini boti ilibidi isimame ili wachote, na ikisimama hawafiki. Sangara akaanza kulala ubavu.

Baltazari akazidisha kuchota. Si kwa ajili ya ushindi. Alikuwa anaisikia tayari sauti ya Hashimu, na kicheko cha watu wa Murangi kwamba Balta hata samaki aliyekwisha kuvuliwa anamshinda.

Hapo ikatokea boti nyeupe upande wa kisiwa, ikapunguza mwendo, ikawasogelea. Nahodha wake alikuwa Alfonce.

Naye msimu wa mbalamwezi ulikuwa umemkuta bila kazi, akachukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Bunda amwendeshee boti. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya boti, ziwa limemshinda, anatapika na kumtaja Mungu.

Baltazari na Alfonce hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya kokoro.

"Umezimikiwa?" aliuliza Alfonce.

"Pampu."

"Samaki yako bado mzima?"

"Kwa mbali."

Alfonce hakuuliza zaidi. Aliinama, akafungua waya za betri yake ya akiba, akainyanyua. Ilikuwa nyekundu.

Hapa lazima niwaeleze jambo msiokuwa wa ziwani. Mtu akizimikiwa majini, iwe taa, iwe injini, aliye karibu anatoa alichonacho. Haulizi wewe ni nani wala mligombana lini. Na wewe uliyezimikiwa hukatai, kwa sababu kukataa ni kumwambia mwenzako kwamba unamdhania mabaya, na jambo kama hilo halisemwi juu ya maji. Ukifika nchi kavu unakichaji kile kitu, unakirudisha kimejaa, na hamkizungumzii tena. Watoto wa Murangi wanalijua hili kabla hawajajua kusoma.

Yasmin hakuwa mtoto wa Murangi.

"Kaka Balta," alisema kwa sauti ya chini, "yule mama alisema asubuhi tusipokee kitu kwa boti nyingine. Anayepokea anatolewa, na aliyetoa anatolewa."

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Ulikuwa kwenye waya zako."

Baltazari alimtazama Alfonce. Alfonce alikuwa amesikia kila neno, na bado betri ilikuwa imening'inia mikononi mwake juu ya maji.

"Sheria hizo ni za nchi kavu," alisema Alfonce. "Ziwani hatukataagi. Shikeni, mikono inachoka."

Mawimbi yalikuwa yanazisukuma boti zigongane, na Baltazari hakuweza kuuacha usukani. Aliyenyoosha mikono ni Yasmin. Aliipokea betri, akaikumbatia kifuani, akaishusha. Baltazari akaunga waya, pampu ikaamka, maji yakaingia tangini kwa kishindo.

"Utairudisha ikiwa imejaa," alisema Alfonce, akawasha injini yake.

Ilikuwa ni maneno machache, lakini Baltazari machozi yalimlenga. Mwaka mzima alikuwa amejifundisha kumchukia mtu yule, na sasa kazi yote imeharibika kwa betri moja. Alijiambia kwamba Jumatatu, akisharudishwa mwaloni, atamwendea Alfonce nyumbani kwake, wakae, waulizane kuhusu lile kokoro kama watu wazima.

Njiani sangara akajiinua, akaanza kupumua sawasawa. Ni Yasmin aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Tukifika tunasemaje?"

Baltazari alisema watasema ukweli. Yasmin akamkumbusha kwamba ukweli huo unamtoa na Alfonce. Hilo alikuwa hajalifikiria, na lilimpiga. Watu watasema nini? Watasema Balta alisubiri mwaka mzima alipe kisasi, akapewa betri, akaitumia kumzamisha aliyempa. Hata yeye angesema hivyo kama ingekuwa ni mtu mwingine.

"Basi nyamaza tu," alisema Yasmin. "Nani atauliza?"

"Kuna kiapo cha nahodha. Na anayeapisha ni Mama Adventina."

"Sasa?"

Alifikiri mpaka Musoma ikaanza kuonekana. Akamwambia ataungama kosa lake tu. Atasema alipokea, lakini hatamtaja aliyetoa. Watolewe wao, Alfonce abaki. Yasmin alimtazama yule samaki kwa muda.

"Fanya unavyoona, kaka," alisema.

Baltazari akadhani amekubali.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa. Sangara alipoinuliwa kwenye mizani alipiga mkia akamlowesha mwamuzi, watu wakapiga vigelegele. Hakuna boti iliyokuwa na samaki wa kumkaribia. Ya pili ilikuwa ya mfanyabiashara wa Bunda, ambaye sasa alikuwa amesimama wima, ameshavaa miwani ya jua na kusahau habari ya kutapika. Hashimu alimkumbatia binti yake mbele za watu, jambo ambalo Musoma ilikuwa haijaliona. Sangara akaachiwa, akazama taratibu, akaenda zake.

Likabaki la kiapo.

"Nyoosha mkono, mwanangu," alisema Mama Adventina. "Nifuatishe."

Baltazari akafuatisha. Kwamba samaki huyu amevuliwa leo. Kwamba amevuliwa kwa ndoano. Kwamba amevuliwa na boti yangu peke yake, bila ya kupokea. Hapo ulimi ukagoma.

"Mama, hapo siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Nilizimikiwa. Nilipokea betri kwenye boti ya mtu."

Vigelegele vilikatika. Hashimu alimwachia binti yake. Mama Adventina aliuliza, bila kupandisha sauti, ni boti ya nani.

"Aliyepokea ni mimi, Mama. Nitoeni mimi."

Alidhani amefanya jambo la kiume, masikini. Papara ile ile ya Nyamuswa. Alikuwa ameficha jina na kusahau rangi. Mwamuzi mmoja alipanda kwenye boti, akafungua kisanduku, akatoka amebeba betri nyekundu, na wanaume wote waliokuwepo wakageuka kumtafuta Alfonce bila kuambiwa.

Alfonce alisogezwa mbele. Mfanyabiashara wa Bunda akaja kusimama nyuma yake, karibu kabisa.

"Hii ni yako?" aliuliza Mama Adventina.

"Ni yangu, Mama."

"Ulimpa?"

Alfonce aligeuza shingo, akamtazama mfanyabiashara aliyekuwa nyuma yake. Baltazari akamhurumia. Alikuwa anatafuta namna ya kumwashiria kwamba samahani, nilijaribu.

"Sikumpa," alisema Alfonce. "Jana niliikosa kwa Rashidi. Nikafikiri labda imechanganywa."

Baltazari alisikia lakini hakuelewa. Alikuwa bado ana ile huruma usoni.

Mambo yakaenda haraka. Rashidi alipigiwa simu. Naye, mtu wa haki, akasema kile alichokijua: Baltazari alikuja Ijumaa, mimi nilikwenda msikitini, nikamwacha ndani peke yake ajichukulie za Shija. Zilikuwemo nyekundu pia? Ndiyo, zilikuwemo.

Ni Hashimu aliyemalizia hesabu, kwa sababu kichwa chake hakikosi kuona faida ilipo. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba kama betri iliibwa jana, basi ilikuwa ndani ya boti kabla mashindano hayajaanza. Hapo hakuna boti iliyotoa na hakuna boti iliyopokea. Samaki wa binti yake anabaki halali, na ndugu yetu wa Bunda anabaki wa pili. Suala la wizi ni la polisi na mwizi wake.

Mfanyabiashara wa Bunda alitikisa kichwa kukubali. Mwamuzi mmoja naye akatikisa.

Sasa Baltazari alielewa. Wote walikuwa wamepanda kwenye uongo mmoja na umewatosha, nafasi iliyokosekana ilikuwa ya kwake peke yake.

"Alfonce," alisema. "Mwambie Mama ulichoniambia ziwani."

Alfonce alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mimi na wewe hatuongeagi, Balta," alijibu. "Murangi wote wanajua."

Na kweli wote walijua. Watu wa Murangi waliokuwa pale waliguna, na Baltazari aliisikia ile miguno ikimwingia mwilini. Ilikuwa miguno ile ile ya siku ya kokoro.

Lakini Mama Adventina hakuguna. Alikuwa anamtazama Alfonce kwa jicho la mtu aliyelea watoto wengi. Kisha akageuka.

"Kwenye boti mlikuwa wawili," alisema. "Binti, njoo hapa."

Moyo wa Baltazari ulitua. Alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka. Alikuwa amemsahau Yasmin. Yasmin aliyemkumbusha sheria, Yasmin aliyeipokea ile betri kwa mikono yake mwenyewe akaikumbatia kama mtoto. Hakuwahi kumwona akiogopa mtu.

Yasmin alisogea. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Nyuma ya Mama Adventina, kwenye meza, kulikuwa na kikombe cha mshindi, na kando ya meza alisimama baba yake, aliyekuwa ameacha kumtazama Baltazari na sasa anamtazama yeye.

"Binti yangu, hii betri iliingiaje kwenye boti yenu?"

"Samaki alikuwa anakufa," alisema Yasmin.

"Ndiyo. Na betri?"

"Nilikuwa nimeinamia tangi, Mama. Nilikuwa nachota maji." Sauti yake ilikuwa safi, haikutetemeka. "Sikuona betri ilitoka wapi."

Baltazari alivitazama vile viganja vilivyoipokea betri.

Mama Adventina alibaki amesimama. Akalitazama ziwa, akawatazama watu wake wa Murangi, mmoja mmoja, kisha akamsogelea Baltazari karibu sana, karibu kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwanawe kanisani.

"Jumatatu usije," alimwambia. "Wakikuona mwaloni watakupiga, na mimi sitakuwa na neno la kuwazuia nalo."

"Nitakuja, Mama," alisema Baltazari.

Alikuwa bado hajamaliza kulisema pale askari aliyewekwa kulinda zawadi alipojitokeza, akamkamata mkanda wa suruali kwa nyuma na kuuvuta juu, vile wanavyokamatwa wezi, akamwambia atangulie.